Laptopu Isifungwe

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu ameifunga laptopu sasa hivi. Kaubana mfuniko kwa viganja viwili, kisha akajipigia makofi. Nikambusu kwanza, kulia baadaye.

Kazi yangu ni kuiangalia seva ya chuo kimoja nikiwa hapa jikoni. Naingia kupitia dirisha jeusi, kwa ufunguo wangu wa siri, naiwasha programu ya Java ambayo wanafunzi hujisajilia masomo. Kwa kuwa naiwasha kwa mkono, laptopu ikifungwa njia inakatika, na programu inakufa nayo. Leo wanafunzi mia nne wamebaki nje.

Bosi kapiga simu. Nikasingizia umeme. Kasema ikianguka tena kabla ya Ijumaa saa nne, nirudi kukaa ofisini kila siku. Ofisini watoto hawaingii. Basi mwanangu atakwenda kulelewa na bibi yake, mama mkwe wangu, safari ya kutwa kwa basi. Hajaacha hata kunyonya.

Jumanne, 4 Machi

Miwani, mwenzangu wa kazini, kanipigia. Eti niandike amri fupi kule kule kwenye seva, iwe inaiwasha programu na kuilinda yenyewe, hata laptopu ikizimwa. Nusu saa tu, dada. Nikamshukuru kwa sauti tamu.

Mimi si mtoto wa jana. Seva ikijilinda, mimi wa nini?

Akili ni nywele. Nimeukingamiza mwiko kati ya kioo na vitufe, nikaufunga kwa kitambaa. Umekaa kutwa nzima. Shule niliishia kidato cha pili, lakini wa kidato cha sita hawakuwaza mwiko.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe kafika bila taarifa, na begi kubwa tupu. Kasema amekuja kunipumzisha. Begi tupu silipendi.

Adhuhuri nilikuwa bafuni namwogesha mtoto. Mama mkwe katafuta mwiko. Kaupata.

Nikatoka mbio na povu mikononi. Nikakuta programu imeshawaka tena. Miwani kaiwasha kutoka kwake, na ile amri kaiandika mwenyewe. Bosi hajajua. Kanipigia kuniambia nilale usingizi, dada, sasa haianguki hata nikiitupa laptopu kisimani.

Mtu hakubebei mzigo bure.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaza tangu alfajiri. Amri ya Miwani ikibaki, sifa ni za Miwani. Nimeifuta. Nimeiwasha programu kwa mkono wangu mwenyewe.

Mtoto kalala mapajani, kanishika kidole gumba. Nikamwahidi hatuachani. Mama mkwe alikuwa anakunja vinguo vyake vidogo, taratibu, kimoja kimoja.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu na nusu. Bado nusu saa tu.

Leo sikugusa chombo chochote cha jikoni, maana kosa halirudiwi. Mfuniko nimeukingia kiatu cha mtoto, cha kushoto. Nani atafute kiatu kwenye laptopu? Nimekaa kibarazani na daftari langu, mara ya kwanza wiki hii moyo umetulia.

Mama mkwe ananiita. Anataka kumtoa mtoto akaote jua, kaona kiatu kimoja tu. Nimemjibu asubiri, naja. Ananiita tena. Anasema nisijisumbue, mkwe wangu, ameshakiona, kiko huku jikoni kwenye