Gari Limepata Dari, Mimi Bado

Kwa Mama Mkwe, mlezi wa mtuhumiwa,

Shikamoo Mama. Natumaini goti limepoa na kuku wanataga. Huku kwetu watoto ni wazima, mwanao ni mzima, na gari ni zima kuliko sisi sote. Nakuandikia kitandani, mwavuli begani, kwa sababu nje kunanyesha na chumbani pia kunanyesha. Sina tabia ya kumsema mtu kwa mama yake. Lakini sikio lake ulianza kulivuta wewe kabla yangu, kwa hiyo naleta mashtaka yangu kwako kwa heshima zote, na mwisho nina ombi moja dogo.

1. Chumba chetu cha kulala hakina dari tangu tuhamie. Unajua mwenyewe: ulipokuja kututembelea tulikupa kitanda chetu, na asubuhi ukauliza kama yule mjusi ni wa kufugwa. Mchana bati linatuoka, na mvua ikianza tunaongea kwa ishara. Nimenyamaza. Wanasema mvumilivu hula mbivu, nami nimekaa na sahani yangu mkononi, nangoja.

2. Mwezi uliopita mwanao alianza kuleta vipande vya dari nyumbani. Alivipanga kwenye kochi kama wageni: plaiwudi, bati jembamba, plastiki, mbao, jipsamu. Lo, moyo wangu uliruka! Kila jioni alivijaribu. Hiki alikimwagia maji, kile alikisogezea kiberiti, na ile plastiki ikajikunja ikanuka nyumba nzima. Mimi wiki hiyo nilimpikia kwa moyo wote, na sasa najuta kwa ajili ya viungo. Akaniuliza napenda ipi. Nikajibu kwa aibu kama bibi harusi, jipsamu, nyeupe, yenye urembo pembeni, maana nilishajiona nimelala chali nautazama weupe ule. Akaitikia kwa kichwa, akachukua futi yake, akatoka kwenda kupima. Nikaanza kushona mapazia, Mama! Kumbe anapima gereji.

3. Gereji yenyewe unaijua, nusu ni ya gari na nusu ni karakana yake ya kutengenezea majiko na viti vya watu. Muuza vifaa alimwambia kwa kinywa chake, mbele yangu, kwamba karakana inataka bati au plaiwudi, kitu cha kustahimili vumbi, kugongwagongwa na ngazi, na cheche za kuchomelea. Jipsamu, alisema, ni ya vyumba vya watu. Mwanao akasema anataka jipsamu. Mtu huyu husikiliza ushauri wa kila mpita njia kuhusu betri, lakini siku hiyo alikuwa kiziwi.

4. Kazi aliifanya peke yake, amejifungia. Fundi hataki, msaada wangu hataki, na nikibisha hodi anauliza ni nani, kana kwamba nyumba hii ina wake wengine. Alipomaliza alinishika mkono akanipeleka kuitazama. Mama, sitakudanganya, ilikuwa nzuri mpaka nilitaka kulia. Gari limesimama chini ya weupe ule, taa zinawaka, halijui hata litazame wapi. Nikasema hongera. Akaniuliza kama kona zimenyooka, basi, hakuuliza kingine.

5. Tangu siku hiyo nafanya uchunguzi. Gari linaoshwa kila Jumamosi; mimi najiosha. Likikohoa, anainama kulisikiliza kifua. Mimi nilikohoa mpaka mbavu zikauma, akaniambia ninywe maji ya moto. Jioni analifunika ili lisipate vumbi, kisha anakuja kitandani na kunivuta shuka. Ushahidi wote unaonyesha kuwa katika nyumba hii kuna mke mkubwa, naye ana magurudumu.

Sasa ombi. Naomba umwamuru, kwa mamlaka ya aliyemzaa, aweke dari chumbani kabla ya wiki hii kwisha, haraka haraka, bila visingizio. Akikataa, naomba kibali chako nihamie gereji pamoja na kitanda, watoto na sufuria zangu, na gari lihamie chumbani likalale naye chini ya bati. Kama halipiti mlangoni, avunje ukuta, si anajua ujenzi siku hizi? Na kama hilo nalo ni gumu, basi nisajiliwe rasmi kuwa gari. Niko tayari kubandikwa namba mgongoni, kuoshwa Jumamosi na kuegeshwa kinyumenyume. Honi sidai, sauti ninayo.

Mama, utani kando, naumia. Si dari tu. Nataka kujua kama mwanao huwa ananifikiria anaposhika nyundo.

Msalimie Baba Mkwe, wasalimie wifi zangu wote, na yule jirani yako fundi cherehani aliyenifundisha kushona mwambie mapazia nimeyakunja yamo kabatini.

Ni mimi mkweo, ninayelowa kwa adabu.

Nyongeza: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuifungua. Leo asubuhi tumesikia kishindo, tukakimbilia gereji sote. Dari nzima imeshuka juu ya gari! Boneti imebonyea, kioo cha mbele kimepasuka, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Nikasimama pembeni nikingoja mwanao aangue kilio. Gari hakulitazama hata kidogo. Alitazama juu kwenye kenchi za paa, halafu akasema kumbe ilitaka skrubu, si misumari. Nikamuuliza, na gari je? Akajibu huku anajipangusa uso kwamba jipsamu hajawahi kuiweka tangu azaliwe, ila ndiyo niliyoichagua mimi, na hakutaka kujifunzia juu ya kichwa changu. Ndiyo maana alianzia mahali ambapo ikianguka litaumia gari. Nilichukua ufagio nikafagia.

Sasa amerudi kutoka dukani na skrubu, ngazi ameshaiingiza chumbani, na anasema anaanza leo leo. Mama yangu, nakupigia magoti, lile ombi la haraka haraka lifute. Mpigie simu, mwambie arudie gereji kwanza.