Galaksi ya Kutundika Saluni

Jumatatu, 4 Agosti
Mke wangu katangaza: ikifika Jumamosi, ama picha ya galaksi itundikwe saluni kwake, ama darubini iondoke uani na kamba ya nguo irudi. Haki yake. Miezi saba anaanika taulo za wateja chumbani.

Jirani yetu, fundi miwani, akasema nisitarajie makubwa: galaksi yenyewe itatokea kama pumzi tu juu ya kioo, kando ya nyota moja nyekundu. Pumzi! Wivu huo. Vitabuni nimeona gurudumu zima la mwanga!

Jumatano, 6 Agosti
Umande! Lenzi imeloa chepechepe. Nikaichukua draya ya saluni kimyakimya, nikaipuliza mpaka ikakauka. Kisha kamera, dakika tano, nimetulia tuli. Nikawaza: mwanga huu ulifunga safari kabla hajazaliwa mtu yeyote. Umepita giza lote hilo, uje kutua uani kwetu, kati ya pipa na beseni. Machozi yakanilenga. Karibu, mgeni wangu. Samahani kwa beseni.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeipata! Kubwa, imejizungusha, ina mikono miwili! Fundi miwani kaiangalia, kaifuta miwani yake, kaiangalia tena. Mwenye wivu ajinyonge!

Ijumaa, 8 Agosti
Mke wangu kaitazama picha kwa muda mrefu. Akasema huo ni unywele wa mwalimu aliyekuja Jumanne. Rangi ile ya kahawia kaichanganya kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akauliza draya yake ilikuwa wapi juzi. Ardhi, pasuka niingie! Alicheka mpaka akakaa chini. Aliponyanyuka, akanikumbusha kuwa kesho ni Jumamosi.

Jumamosi, 9 Agosti
Anga la jana usiku, jamani! Jeusi, tulivu, hata mbwa walinyamaza. Nyota nyekundu imetoka safi kabisa. Lakini kando yake, kiukungu. Kidogo, cheupe, kama mtu kakipumulia kioo. Nikafuta lenzi, nikapiga tena. Kipo! Nikafuta kwa shati langu la harusini. Kipo palepale! Uchafu sugu. Picha zote tatu nimezifuta kwenye kamera. Siwezi kumtundikia mke wangu uchafu ukutani.

Sasa taulo zinapepea uani. Darubini nimeihamishia nyuma ya tangi la maji, mke wangu hajaiona bado. Fundi miwani kapita kuuliza kama hatimaye nilikiona kiukungu chake. Nikamjibu kwa fahari kwamba nilikiona, na nimekifuta chote. Kashika kichwa kwa mikono miwili. Wivu, haujamtoka hata leo.