Uyoga wa Gogo Langu

Jumatatu, 4 Machi
Gogo langu la uani liko hatarini. Mama Mkwe, aliyekuja kutusalimia wiki tatu zilizopita na bado anatusalimia, amesimama mlango wa jikoni akalinyooshea kidole. Amesema Jumamosi shemeji aje na msumeno wake, liwe kuni. Mke wangu akaitikia ndiyo mama. Mimi ni fundi saa. Kutwa nimeinamia meza, tiki tiki masikioni. Ikifika saa kumi nakwenda kukaa kwenye lile gogo, na ukimya unaniingia taratibu mpaka vidoleni. Sina mahali pengine. Nami nimeitikia ndiyo mama. Mwoga mkubwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimejilaza kifudifudi juu ya gogo, kuliaga. Nikauona. Uyoga! Mdogo, kofia haizidi kifungo cha shati, shina jembamba kama uzi, umeota pale mti ulipobomoka kwa kuoza. Nimeutazama kwa lenzi ya kazini. Chini ya kofia kuna mikunjo kama kurasa za daftari, na mwanga unapita katikati yake. Sijui nilikaa muda gani. Mke wangu anasema mteja wa saa ya ukutani alibisha hodi mpaka akachoka. Mimi nilikuwa napanga. Uyoga ukiwa adimu, serikali itakataza gogo kuguswa. Nani atashindana na serikali? Hata Mama Mkwe hawezi. Nadhani.

Jumatano, 6 Machi
Nimefukua kitabu cha mimea cha binti yetu, cha tangu anasoma. Kinasema ukitaka kuutambua uyoga, ukate kofia, uilaze juu ya karatasi, uifunike kwa kioo, usubiri. Unga wa mbegu utadondoka, na rangi yake ndiyo kitambulisho. Ukurasa wa pili una maelezo zaidi, lakini usingizi ulinipitia, usingizi mtamu, niliota natembea chini ya kofia kubwa ya uyoga na mvua hainifikii. Nimetumia karatasi nyeupe, safi kabisa, na kioo cha saa ya yule mteja. Amerudi leo. Nimemwambia saa yake bado iko kwenye uchunguzi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimefunua. Hakuna kitu! Karatasi nyeupe pe, kama nilivyoiweka. Uyoga usio na mbegu! Nani amewahi kuusikia? Mchana kutwa nimeshika bisibisi bila kufungua hata skrubu moja. Akilini nimeliona gogo limezungushiwa kamba nyekundu, wataalamu wananong'ona, Mama Mkwe kapanga foleni kama watu wengine. Nimempigia simu Bwana Misitu. Anakuja Jumamosi asubuhi. Jumamosi hiyohiyo!

Jumamosi, 9 Machi
Wamefika pamoja, Bwana Misitu na shemeji, msumeno begani. Nilitoa karatasi. Bwana Misitu akaiinamisha dirishani, akapitisha kidole, kidole kikatoka cheupe. Niliona haya. Nikamwomba radhi kwa vumbi la nyumba yetu. Akacheka, akaanza kunieleza jambo refu kuhusu unga mweupe na karatasi nyeusi, ila jua lilikuwa limepenya kwenye majani na gogo zima liking'aa, nami nikawa mbali. Niliporudi alikuwa anasema uyoga huo umejaa kila penye mti uliooza.

Shemeji akawasha msumeno. Miguu ilinipeleka yenyewe, nikakaa juu ya gogo. Nikasema sitoki, sina mahali pengine pa kukaa, na sauti ikanikatika palepale mbele ya Mama Mkwe. Aibu gani hii. Msumeno ukazimwa. Bwana Misitu akalipiga gogo teke, kisigino kikazama. Akasema kuni zake zitakuwa moshi mtupu. Mama Mkwe alikuwa ananitazama mimi. Akasema, mkwe wangu, si ungesema tu tangu Jumatatu?

Jumapili, 10 Machi
Saa kumi nimekwenda kwenye gogo. Mama Mkwe yupo, na kikombe cha chai. Anasema kweli pametulia, na ameamua kukaa nasi mwezi mmoja zaidi. Ningeweza kumwomba asogee kidogo. Nimelifikiria sana, nikaona hapana, hilo halina akili.

Maana karibu na kisigino chake nimeona uyoga mwingine, wa kijivu. Nikainama kwa heshima, nikauchuma. Akaniuliza nimeangusha nini. Nikasema kifungo. Sasa, uyoga huu ukiwa wa sumu, serikali haitaruhusu mtu kukaa pale isipokuwa mtaalamu. Mteja alikuwa mlangoni anaisubiri saa yake. Nikamwomba kioo kwa saa chache tu. Safari hii nimechagua karatasi nyeupe zaidi.

Jioni nimefunua. Hakuna kitu!