Mtaalamu wa Seleniamu Aumbuka Marui

Nimeumbuka, jamani! Tena mbele ya wanawake wa Marui, kwetu Kisarawe, leo hii asubuhi.

Mnajua mimi nafanya kazi ofisini, kule Kwala, Kibaha. Mwezi uliopita nikasoma mtandaoni kuhusu seleniamu, madini ambayo mwili unayahitaji kidogo tu. Yamo kwenye samaki, mayai, hata korosho. Wakasema watafiti wanachunguza kama huenda yanasaidia kuzuia saratani ya matiti. HUENDA. Mimi hilo "huenda" nikaliruka. (Chai ilikuwa inapoa.)

Kilichonisumbua ni mama. Dada yake tulimzika kwa ugonjwa huo, na tangu siku hiyo mama hataki kusikia habari za kupimwa. Ukimtajia tu, anainuka kwenda kuchota maji hata kama ndoo zimejaa. Nikaona basi, dawa nimeipata: nitamlisha madini mpaka ugonjwa wenyewe uogope. (Na mimi je, nilishawahi kupimwa? Tusifike huko.)

Leo zahanati walikuwa wanapima matiti bure. Nikamkokota mama, nikamwahidi tunakwenda kusikiliza tu. Mkoba wangu umejaa dagaa, mikononi trei ya mayai. Tunatoka mlangoni, mama akanipa korosho alizokaanga, kazifunga kwenye nailoni. Nikazisokomeza kwenye sidiria, huko wanawake tunakoweka simu na funguo, tukaondoka.

Tulipofika, nikahutubia foleni! Dagaa kushoto, mayai kulia. "Kuleni hivi, saratani haiwagusi!" Wamama wakapiga vigelegele. Nesi akanisikiliza mpaka mwisho.

"Dada mtaalamu, hebu njoo utuonyeshe mtu anavyojikagua mwenyewe. Juu ya nguo tu, wenzio waone."

Ningekataaje? Nikasimama mbele. Vidole vitatu, mduara mdogo mdogo, kama alivyoelekeza. Titi la kulia, safi. Titi la kushoto...

Kuna kitu! Kigumu! Nikabonyeza tena. Viwili! Vitatu!

"Nesi, nakufa!"

Nesi akagusa, tabasamu likamfutika usoni. "Twende ndani."

Mama akaja nyuma yetu mbio, kiatu kimoja kakiacha uani, analia, "Mwanangu! Kama dada yangu! Kama dada yangu!" Hapo nilijuta, naapa. Mwezi mzima wa dagaa, na siku moja tu ya kwenda kupimwa nilikuwa sijaipata. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Ndani nikafungua vifungo. Nailoni ikadondoka miguuni kwa nesi, fundo likafunguka, korosho zikatapakaa sakafuni.

Nesi akacheka hadi akashika ukuta. Mama akafungua mlango, akaitangazia foleni nzima, "Ni korosho! Mwanangu ana korosho!" Vigelegele vya safari hii vilizidi vya hotuba yangu.

Nesi akajifuta machozi. "Samaki na mayai kula, ni chakula kizuri. Ila hakuna aliyethibitisha kwamba hiyo seleniamu inazuia saratani. Usiifanye badala ya kupimwa." Akanikagua vizuri, sina kitu. Halafu akamgeukia mama. "Shikamoo, mama. Na wewe si umeshaingia ndani?"

Mama akaniangalia. Nikajua hapo ndoo zimeshaita. Lakini akavua mtandio, akaukunja taratibu, akakaa kitandani.

"Marahaba, mwanangu. Nipime upesi, kabla sijaogopa."

Salama! Hana kitu! Nililia kwa sauti, wala sikujali nani ananisikia.

Sasa Marui nzima wananiita Mama Korosho. Kucheka ruhusa, ila ucheke ukiwa kwenye foleni ya kupimwa.