Nirudishie Stata Yangu Mbovu

Kwako Ndugu Fundi Mkuu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wanaoshinda chini ya magari hapo gerejini. Natumaini Mwenyezi Mungu anakulinda, na ule mgongo uliokubana ulipoinamia gari letu umepata nafuu. Mimi mwilini ni mzima. Moyoni ndiko kunakotoka moshi.

Ni mimi yule mama wa gari dogo la kijani, ulilolifungia stata mpya wiki tatu zilizopita. Naleta malalamiko yangu kwa heshima zote: stata ile si ya gari letu. Sababu ni hizi.

1. Boksi lake lilikuwa na picha ya gari la milango miwili. Letu lina minne, ingawa mmoja haufunguki. Nilipokuuliza ukanijibu, "Mama, gari likiwaka, spea ni yake." Nikakubali, maana fundi habishiwi akiwa na spana mkononi. Lakini nimekaa nikawaza: kiatu cha jirani kikiniingia mguuni, ndiyo kimekuwa changu?

2. Ulipomaliza kufunga, ilibaki bolti moja. Ukaitia mfukoni ukidhani sikuoni.

3. Sauti yake ni ya kigeni. Stata yetu ilikuwa ikisema "ka" mara moja, kisha kimya, kama mgeni aliyegundua amekosea nyumba. Hii yako inanguruma na gari linawaka papo hapo. Miaka yote tuliyokuwa nalo, gari letu halijawahi kuwa na tabia hiyo.

4. Hili ndilo kubwa, nakueleza kama kaka yangu, na lisitoke hapo gerejini. Nina binti. Ana miaka thelathini na minne, anafundisha watoto wadogo, na gari hilo ndilo linalompeleka kazini. Nimemwombea mume mwema miaka mitano, kwa kufunga na kwa machozi. Basi miezi minane iliyopita ile stata ikafa. Binti akakaa kwenye usukani, mimi nikawa nasukuma huku kilemba kinadondoka. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara akatuona. Akaacha nguo ya watu kwenye mashine, akaja na futi yake shingoni, akasema, "Shikamoo mama, niachie mimi."

Tangu hapo hakukosa hata asubuhi moja. Hajaoa, ana adabu, na nguo zake anazipiga pasi mwenyewe. Kasoro yake ni moja tu: hana maneno. Anasukuma mpaka kwenye kona, pale barabara inapoteremka, gari linawaka, anainua mkono, basi.

Mwanzoni binti yangu alikuwa akimwambia, "Asante, kaka." Baada ya miezi mitatu ikawa "Asante" peke yake. Ndugu Fundi, siku ile "kaka" ilipodondoka nilipiga magoti jikoni nikashukuru. Kesho yake nikajitia kuumwa goti ili wabaki wawili. Mungu anisamehe, goti langu lilikuwa zima kama la punda.

5. Kisha mume wangu, mtu mwema asiyeona kitu hata kikimkanyaga, akasema anaona aibu kwa majirani, tulilete gari kwako. Nawe ukalitengeneza. Asubuhi ya kwanza fundi cherehani alifika mpaka getini, mikono ya shati ameshaikunja, na gari likamwakia usoni. Alisimama pale kama mtu aliyekuja msibani akamkuta marehemu anakunywa chai. Hajavuka barabara tena. Juzi nimechukua gauni langu kwake, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na huyo ni mtu ambaye hajawahi kukosea kipimo.

Sasa nakuuliza kwa upole. Mimi nilimwomba Mungu mkwe, naye akanijibu kwa stata mbovu. Wewe ni nani, ndugu yangu, utengeneze jibu la Mungu?

Kwa hiyo naomba unirudishie stata yangu. Kama umeshaitupa kwenye chuma chakavu, nitafutie nyingine iliyokufa vilevile, sidhani kama kwako zimeadimika. Ikishindikana, uwe unapita kila alfajiri kabla binti hajaamka, unachomoa waya wa betri, unakwenda zako. Na hilo likikushinda, basi wajibu ni wako kuniletea mkwe kutoka hapo gerejini, aliyenawa mikono, mwenye dhamana ya miezi sita kama uliyonipa kwenye stata.

Nisalimie mkeo, wanao, na yule mpiga rangi wako anayekohoa. Mwambie maziwa ya moto humsaidia mtu. Nakuombea heri katika kazi ya mikono yako, isipokuwa hii moja. Tafadhali nijibu mapema.

Ni mimi dada yako katika subira,
Mama wa gari la kijani

Nyongeza: Nilikuwa nimeshaikunja barua hii hodi ikabishwa. Ni fundi cherehani, amevaa koti, ameongozana na shangazi yake. Amesema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kinywani mwake. Kumbe kila asubuhi alikuwa anakuja na neno lake tayari, ila akifika pale kwenye kona pumzi zimekwisha, kilichobaki ni kuinua mkono tu. Hizi wiki tatu amepumzika, akajipanga. Binti yangu alitoka chumbani kabla hajaitwa.

Stata usiiguse. Hata ikiwa ni ya trekta, ni yetu. Nijibu upesi jambo moja tu: itavumilia mpaka siku ya harusi? Siku hiyo nataka bwana harusi afike na pumzi zake zote.