Kiambatisho Kilichofungwa

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa masjala anastaafu. Kiti kile ni changu! Kikwazo ni Bi Miwani tu, wa meza ya dirishani. Nimemwandikia mkurugenzi barua pepe yenye kasoro kumi na nne za mama huyo, nikafunga kiambatisho kwa neno la siri. Chujio la barua taka limekizuia. Kiambatisho changu mimi!

Jumanne, 5 Machi

Shemeji, mdogo wake mke wangu, ndiye fundi wetu wa kompyuta. Kasema chujio husoma maneno, humkagua mtumaji, hulinganisha viambatisho na virusi linavyovijua. Kilichofungwa haliwezi kukichungulia, ndiyo maana linakizuia. Nikamwomba alilegeze. Akagoma. Nikamkumbusha ni nani aliyemtafutia kazi hii. Kalegeza, shingo upande.

Jumatano, 6 Machi

Imeingia barua: orodha ya waliopandishwa vyeo. Kiambatisho kimefungwa, neno la siri limeandikwa palepale. Ustaarabu ulioje! Chujio limekipitisha, basi ni salama. Nikafungua. Orodha hakuna. Kabla ya saa ya chai mafaili ya miaka kumi na moja hayafunguki, na barua ileile imemfikia kila mtu kwa jina langu. Mkurugenzi naye kafungua. Nimejifungia chooni nikalia.

Alhamisi, 7 Machi

Nimedokeza kwamba Bi Miwani aliigusa kompyuta yangu. Kumbe jana alikuwa mgonjwa, hakuja kabisa. Njia ya mwongo fupi. Shemeji ndiye anayetakiwa kujieleza, maana chujio alililegeza yeye. Huenda akafukuzwa. Mke wangu ananiwekea chakula mezani na kwenda kula chake jikoni. Najichukia.

Ijumaa, 8 Machi

Bi Miwani alikuwa na nakala ya mafaili yote kwenye diski! Yakirudi, Shemeji atabaki kazini. Shemeji kaichomeka diski kwenye kompyuta safi, kaniambia niilinde, nisiguse kitu, yeye anakwenda kumwomba mkurugenzi radhi. Chujio atalikaza akirudi.

Sikugusa kitu. Nilifungua barua pepe yangu tu kwenye kompyuta ile, nione kama nimesamehewa. Nikakuta barua: dawa ya kuondoa kirusi. Imefungwa, neno la siri lipo. Nikaona heri Shemeji akute nimeshamaliza kazi, nikafungua.

Mafaili ya kwenye diski yanabadilika majina, moja baada ya jingine, na hayafunguki tena. Namsikia Shemeji koridoni, anapiga mluzi. Bila shaka amesamehewa. Nitamwambia diski ya Bi Miwani ilikuja na kirusi chake.