Sweta la Maruni Nililomfumia Mama Mkwe

Leo sina uso. Nimeuacha Rhotia, nyumbani kwa mama mkwe, mbele ya jumuiya nzima, na sina mpango wa kuufuata.

Niwaeleze msionijua. Mimi ni wa Singida, huku Karatu nimeletwa na ndoa. Mwaka wa sita huu. Kwa miaka yote hiyo mama mkwe hajawahi kunigombeza hata siku moja, na hajawahi kunisifu hata siku moja. Nikipika, anakula. Nikilima, anatazama matuta, anapita. Hata jina langu halitaji. Mimi ni "mke wa Emanueli". (Kuna pia pikipiki ya Emanueli na shamba la Emanueli. Tumepangwa pamoja.)

Ndiyo maana mwaka huu nikaamua kujifunza kufuma. Jirani yangu hapa Karatu mjini, Mama Elibariki, akakubali kunifundisha. Nilianza na skafu, ikatoka nyembamba kama kamba ya mbuzi. Nikafumua. Nikafuma soksi moja, mwenzake hajapatikana mpaka leo. Vidole vikaota sugu. Yote hayo kwa ajili ya sweta moja tu, la mama mkwe, ili baridi ya Juni ikifika alivae na aseme, "Umefanya vizuri." Maneno mawili. Sikuomba shamba.

Tatizo likawa vipimo. Mama mkwe humzungushii futi kifuani, hata uwe na moyo wa simba. Sasa siku moja nimekwenda kumsalimia, nikaona sweta kuukuu la bluu limeanikwa kwenye kamba nyuma ya nyumba. Nikaangaza kulia, kushoto. Hakuna mtu. Nikalipima harakaharaka kwa shibiri: kifua, mgongo, shingo. Mikono yake ilikuwa mifupi ajabu, nikajiambia mama anaipenda hivyo, akikamua maziwa isilowe. (Mtu akiamua kuwa mjinga, akili humsaidia.)

Nikafuma miezi mitatu. Rangi ya maruni, na ua jeupe kifuani. Mwezi uliopita nikampelekea, nimelifunga kwenye karatasi ya zawadi na utepe. Akalifungua, akaligeuza mbele na nyuma, akasema, "Asante. Limekuja wakati wake." Nikarudi mjini nimevimba kichwa. Mama Elibariki nilimsimulia mpaka akachoka, na majirani zake nikawasimulia pia.

Leo jumuiya ilikuwa inasali kwa mama mkwe. Nikaenda na Emanueli, na Mama Elibariki akatusindikiza, alitaka kuona kazi ya mwanafunzi wake. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Mama mkwe alikuwa amejifunga shuka juu ya kitenge, midomo imekauka kwa baridi. Sweta hana. Nikaumia, lakini nikajifariji kwamba analitunza.

Tumesali, tumeimba, chai imemiminwa. Mama Elibariki akaniinamia.

"Sweta liko wapi?"

"Analiweka kwa ajili ya sikukuu," nikasema.

Hapo ningenyamaza, leo ningekuwa na uso. Lakini watu wazima zaidi ya ishirini wamekaa kwenye mabenchi, mwenyekiti wa jumuiya yupo, na mimi kiherehere kikanipanda. Nikapaza sauti.

"Mama, lile sweta nililokufumia, si ulilete wenzetu waone?"

Emanueli akanikanyaga mguu. Nikadhani ni bahati mbaya.

"Sasa hivi?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo, mama. Wasije wakasema tunawaficha."

Akanyanyuka. Hakuingia ndani. Akazunguka nyuma ya nyumba, na mimi nikatabasamu huku najiweka sawa kwenye benchi, nasubiri sifa zangu. Akarudi anavuta kamba. Mwisho wa kamba kulikuwa na ndama. Ndama amevaa sweta langu.

Limemkaa, ndugu zangu. Miguu ya mbele imeingia kwenye mikono kama imefinyangwa humo. Ua jeupe liko chini ya shingo, na lilikuwa na samadi.

Mwenyekiti wa jumuiya akavua miwani, akafuta macho, na mabenchi yote yakaangua kicheko. Wakaongea Kiiraqw, sikuelewa kitu ila neno "sweta", mara nne.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Akasimama katikati yao, mkono juu ya mgongo wa ndama.

"Msimcheke," akasema kwa Kiswahili. "Huyu ndama amefiwa na mama yake. Lile sweta la bluu nililokuwa namvalisha limechakaa. Huyu binti akaliona kwenye kamba, hakuniuliza, hakuniomba kitu, akaenda kufuma lingine la kipimo kilekile. Ninyi mna wakwe wa kuwaza hivyo?"

Wote wakanigeukia. Mama Elibariki, anayejua nilivyohesabu kila mshono nikilitaja jina la mama mkwe, akaangalia kikombe chake.

Ningesema nini? Kwamba kile kipimo niliamini ni chake, kifua na shingo?

"Niliona anateseka na baridi," nikasema. Sauti ikatoka kama ya mtu mwingine.

Njiani nilimuuliza Emanueli kama alijua.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki ileile. Nilipita zizini."

"Ukanyamaza?"

"Ulikuwa na furaha," akasema. Mpaka sasa sijamjibu, na chakula cha jioni ajipikie.

Ila sijawaambia lililoniuma zaidi. Wakati wa kuaga, mama mkwe alinishika mkono kwa mikono yake miwili, baridi kama mawe ya mtoni, akaniita mwanangu. Miaka sita nimelingojea neno hilo, na limekuja kupitia uongo ambao siwezi kuufumua. Sasa siwezi kumfumia sweta lake bila kujieleza, na yeye anaendelea kutetemeka.

Chekeni basi, nimewaruhusu. Ila mwenye ndugu Rhotia acheke amefunga mdomo.